Tuilinde damu ya mgonjwa kabla ya kuomba ya jirani

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama usiku kucha nje ya chumba cha upasuaji cha hospitali moja humu nchini, ambayo sitaitaja jina, nikiwa na kipande cha karatasi mkononi. Muuguzi aliyenipa karatasi ile alikuwa ameandika mambo mawili tu: kundi la damu la shemeji yangu, na idadi ya painti zilizohitajika. Shemeji alikuwa amejifungua kwa njia ya upasuaji yapata saa nne za usiku. Mtoto alikuwa salama, tena akilia kwa sauti iliyotutia moyo. Mama ndiye aliyekuwa akivuja damu isiyokoma, na katika jokofu la hospitali hapakuwa na hata painti moja ya kundi lake.

Msomaji aliyewahi kukumbwa na mkasa kama huo anaijua hekaheka inayofuata. Kaka yangu, mume wa mgonjwa, alishika simu akawa anawaamsha watu usingizini mmoja baada ya mwingine: wajomba, majirani, wenzake wa kazini, hata kondakta wa matatu aliyoipanda kila asubuhi. Mimi ndiye aliyeniuliza kwanza. "Ndugu yangu, wewe damu yako ni ya kundi gani?" Nilimjibu kwa aibu kwamba sijui. Nilikuwa mtu wa makamo, mwenye kujigamba kwa kusoma magazeti kila siku, nami sikujua kilichokuwa kikipita katika mishipa yangu mwenyewe.

Shemeji alipona. Watu wawili walifika kabla ya jogoo la kwanza, damu yao ikapimwa, akatiwa. Wiki chache baadaye nilipata fursa ya kuzungumza na daktari mmoja mzee, ambaye hakuwa wa hospitali ile, nikamsimulia yaliyotupata. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: kabla ya kutumwa kutafuta damu ya watu, shemeji yako alidungwa dawa gani ya kuizuia yake isitoke? Sikujua. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba dawa aliyoikusudia haikuwamo kabatini usiku ule. Nikadhani ni dawa ya ghali. Mzee yule akatikisa kichwa. Ghali si ghali, akasema. Haikuwamo kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuiagiza.

Tangu siku ile swali hilo halijaniondoka. Kwa nini nchi yetu huhangaika namna hii kuitafuta damu ya kumtia mgonjwa, ilhali haihangaiki kuilinda damu ambayo mgonjwa amekuja nayo mwenyewe mwilini? Ni kama mtu anayebeba maji kwa mtungi kutoka mtoni ili kulijaza pipa lenye tundu, asijisumbue kutafuta kitambaa cha kuliziba tundu lenyewe.

Dawa ninayoizungumzia huitwa asidi ya traneksamiki. Ili tuelewe kazi yake, hatuna budi kwanza kuelewa jinsi damu inavyoganda. Mtu akijikata kidole kwa kisu cha jikoni, mwili wake huanza kazi mbili. Katika kazi ya kwanza, nyuzi nyembamba ziitwazo fibrini hujifuma mahali penye jeraha mithili ya wavu wa mvuvi, zikanasa chembe za damu hadi donge likapaziba. Karibu wakati uo huo huanza kazi ya pili, iliyo kinyume cha ile ya kwanza. Kemikali nyingine ya mwili, iitwayo plasmini, huanza kuzikata nyuzi zile ili donge lisije likakua kupita kiasi na kuuziba mshipa wote. Kwa mtu mwenye afya, mfumaji na mkataji hawa hupimana kama pande mbili za mizani. Lakini mtu anapopasuliwa, anapogongwa na gari au anapojifungua kwa shida, mizani huweza kuinama. Mkataji hufanya kazi haraka kuliko mfumaji, na donge huyeyuka kabla halijaliziba jeraha.

Hapo ndipo asidi ya traneksamiki inapoingia. Ikumbukwe kwamba dawa hii haigandishi damu. Inachofanya ni kuukalia ule mkono ambao mkataji angeutumia kuushika uzi, naye akabaki hana pa kushika. Wavu uliokwisha kufumwa na mwili wenyewe hudumu, na damu ya mgonjwa hubaki ndani ya mgonjwa.

Wala si dawa ngeni. Iligunduliwa nchini Japani na mume na mke, Shosuke na Utako Okamoto, nao walitangaza matokeo yao mwaka 1962. Utafiti wao ulianza mjini Tokyo baada ya Vita Vikuu vya Pili, wakati nchi yao ilikuwa imechakazwa na mabomu na fedha za sayansi zilikuwa haba mno. Waliamua kuchunguza damu kwa sababu, kila kitu kingine kikikosekana, damu yao wenyewe ilikuwako. Utako alikuwa akienda maabarani akiwa na bintiye mgongoni. Nia yake kuu ilikuwa kuwaokoa akina mama wanaofariki kwa kutokwa na damu baada ya kuzaa, lakini madaktari wa uzazi aliowaendea hawakukubali kuijaribu dawa yake. Kwa miongo kadhaa ikawa dawa ya mambo madogo madogo tu: wanawake wenye hedhi nzito, na wagonjwa wa hemofilia wanaong'olewa jino.

Mambo yalibadilika mwaka 2010. Mwaka huo watafiti walioongozwa kutoka chuo cha afya ya umma na magonjwa ya nchi za joto kilichoko London walitoa matokeo ya jaribio kubwa lililohusisha majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40. Nusu ya majeruhi walipewa asidi ya traneksamiki, na nusu wakapewa maji yasiyo na dawa, pasipo daktari wala mgonjwa kujua nani kapewa nini. Miongoni mwa waliopewa maji matupu, asilimia 16 walifariki. Miongoni mwa waliopewa dawa, walifariki asilimia 14.5. Tofauti hiyo huenda ikaonekana ndogo kwa mtu anayezisoma tarakimu akiwa amekaa kitini, lakini maana yake ni kwamba katika kila majeruhi elfu moja, kumi na watano zaidi walirudi nyumbani kwao. Mwaka uliofuata, 2011, Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hii katika orodha yake ya dawa za lazima.

Kisha ikaja zamu ya akina mama. Matokeo ya jaribio lililowahusu wanawake 20,060 waliokuwa wakitokwa na damu baada ya kujifungua yalitolewa mwaka 2017. Hospitali 193 za nchi 21 zilishiriki, zikiwamo za hapa kwetu Kenya, Uganda na Tanzania. Miongoni mwa wanawake waliodungwa dawa katika saa tatu za kwanza baada ya kujifungua, waliofariki kwa kutokwa na damu walikuwa asilimia 1.2, na kwa wale waliopewa maji matupu walikuwa asilimia 1.7. Yaani takriban mmoja kati ya kila watatu ambao wangefariki aliokolewa. Kweli, dawa haikupunguza idadi ya wanawake walioondolewa mji wa mimba, lakini iliwabakishia wengi uhai. Utako Okamoto alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, 2016, akiwa na umri wa miaka 98. Aliyoyasadiki tangu ujana wake yalithibitishwa yeye akiwa kaburini.

Na kuhusu upasuaji wenyewe, ushahidi haupungui. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 9,535 katika nchi 22, waliofanyiwa upasuaji usio wa moyo na ambao walikuwa katika hatari ya kutokwa na damu nyingi. Walidungwa gramu moja upasuaji ulipoanza na gramu nyingine ulipokwisha. Waliovuja damu kwa kiasi cha hatari walikuwa asilimia 9.1 miongoni mwa waliopata dawa, na asilimia 11.7 miongoni mwa wasioipata. Wapasuaji wa mifupa, hususan wanaobadilisha magoti na nyonga, wameizoea dawa hii kwa miaka mingi, vivyo hivyo wale wanaopasua moyo.

Sasa tuyatazame haya yote kwa jicho la nchi yetu. Kipimo kinachotumiwa sana ulimwenguni ni kwamba nchi inapaswa kukusanya angalau painti moja ya damu kwa kila watu mia moja kwa mwaka. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Wakenya walikuwa 47,564,296. Kwa hivyo tulihitaji kiasi cha painti 475,000 kwa mwaka, na kwa miaka mingi tumekuwa tukikusanya sehemu tu ya kiasi hicho. Aidha, tumezoea kuwategemea wanafunzi wa shule za upili, ambao huichangia nchi damu yao kwa ukarimu kuliko baba na mama zao. Shule zikifungwa, benki za damu hukauka. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia mwezi wa Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, tulilishuhudia jambo hilo waziwazi. Nchi ambayo uhai wa mama mzazi hutegemea ratiba ya mihula ya shule haijajipanga.

Bara letu zima limo katika hali hiyo. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba Mwafrika anayefanyiwa upasuaji yumo katika hatari ya kufa maradufu ya wastani wa dunia, ijapokuwa kwa kawaida yeye ni kijana zaidi na mwenye maradhi machache zaidi. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba vifo vya akina mama wanaojifungua kwa upasuaji barani Afrika ni mara hamsini ya vile vya nchi tajiri. Mara hamsini! Kutokwa na damu ni mojawapo ya sababu kuu za vifo hivyo. Kisu ni kile kile, na wapasuaji wetu wamesomea vitabu vile vile. Kinachotofautiana ni yale yaliyomo kabatini na jokofuni usiku wa manane.

Wapo watakaoniuliza: je, dawa ya kulilinda donge la damu haiwezi kuzusha madonge mahali yasipotakiwa, ikamletea mgonjwa kiharusi au kuziba mshipa wa mapafu? Ni swali la haki, nami sitalikwepa. Tiba ya aina hii imewahi kutuonya. Ilikuwako dawa nyingine ya kuzuia damu katika upasuaji wa moyo, aprotinini, iliyosifiwa kwa miaka mingi na kutumiwa kote duniani. Mwaka 2007 uuzaji wake ulisimamishwa baada ya jaribio lililofanywa nchini Kanada kuonyesha kwamba wagonjwa waliopewa dawa hiyo walifariki kwa wingi kuliko waliopewa dawa za bei nafuu, traneksamiki ikiwa mojawapo. Hivyo basi, sifa pekee hazitoshi.

Traneksamiki nayo imepimwa kwa mizani hiyo hiyo. Katika majaribio yale makubwa ya majeruhi na ya akina mama, madonge hatari hayakuongezeka. Katika lile la upasuaji la mwaka 2022, waliopata matatizo ya moyo na mishipa walikuwa asilimia 14.2 kwa waliopewa dawa na asilimia 13.9 kwa wasiopewa. Tofauti ni ndogo sana, lakini watafiti wenyewe walikiri kwamba hawakuweza kuifuta kabisa hofu iliyokuwako. Katika upasuaji wa moyo, imeonekana kwamba dawa ikizidi kipimo huweza kumletea mgonjwa degedege. Na mwaka 2020, jaribio la wagonjwa 12,009 waliokuwa wakitokwa na damu tumboni na katika utumbo lilionyesha kwamba dawa haikuwapunguzia vifo hata kidogo, bali kwa kipimo kikubwa kilichotumiwa iliwaongezea madonge katika mishipa ya vena.

Hata kwa akina mama, dawa hii si hirizi ya kumvisha kila mtu. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya jaribio la wanawake 15,068 wenye upungufu wa damu katika nchi za Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistan. Walipewa dawa mara tu mtoto alipozaliwa, kabla ya kuanza kuvuja damu, ili kuona kama ingewakinga. Haikuwakinga. Funzo lake ni kwamba dawa hufanya kazi yake pale damu inapotoka, si pale tunapoogopa kwamba huenda ikatoka. Anayekuja kwetu akidai kwamba sindano moja itamaliza vifo vyote vya chumba cha upasuaji ni mwuzaji, na tumsikilize kama tunavyowasikiliza wauzaji.

Kuna hatari nyingine ambayo haitokani na dawa bali na mikono yetu. Vichupa vya traneksamiki hufanana sana na vichupa vya dawa ya nusukaputi inayodungwa katika uti wa mgongo wakati wa upasuaji wa uzazi. Imetokea katika nchi mbalimbali mhudumu akachukua kichupa kimoja akidhani ni kingine, na mgonjwa akadungwa traneksamiki mgongoni badala ya kwenye mshipa. Kosa hilo huleta degedege kali, na aghalabu kifo. Mwezi wa Machi mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu jambo hilo. Dawa yake ni rahisi mno: vichupa hivi visiwekwe kamwe katika trei moja, wala katika kabati moja. Gharama ya kabati la pili ni nini mbele ya uhai wa mtu?

Yote tisa, kumi ni wakati. Watafiti walipoziunganisha takwimu za wagonjwa zaidi ya 40,000, waligundua kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza manufaa ya dawa kwa takriban asilimia 10, na baada ya saa tatu hakuna faida iliyobaki. Kwa majeruhi, kuichelewesha kupita saa hizo kulionekana hata kudhuru. Hebu tuzihesabu dakika hizo kwa jiografia yetu. Mama anavuja damu katika zahanati ya kijijini. Ambulensi haina mafuta, au iko safarini. Barabara imeharibiwa na mvua. Anapofika hospitali ya kaunti, saa tatu zimekwisha, nayo dawa iliyoko kabatini huko imekuwa maji. Kwa hivyo, kuiweka dawa hii katika hospitali kuu pekee ni sawa na kuchimba kisima mahali ambapo wenye kiu hawawezi kufika. Lazima iwe pale mama anapozalia na pale majeruhi anapofikishwa kwanza, pamoja na mtu anayejua kuidunga taratibu mshipani, gramu moja kwa dakika kumi.

Tena tuna ushahidi wa hapa hapa nyumbani kwamba yawezekana. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, iliyowahusu zaidi ya wanawake 200,000. Wakunga walipewa mfuko maalumu wenye alama, unaowekwa chini ya mama ili damu inayotoka ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Damu ikifikia kiwango cha hatari, kazi tano hufanywa kwa pamoja bila kungojana: kuukanda mji wa mimba, kumpa dawa ya kuubana, kumdunga traneksamiki, kumtundikia dripu, na kumchunguza kutafuta chanzo. Hospitali zilizofuata utaratibu huo zilipata asilimia 1.6 ya akina mama waliopatwa na uvujaji mkali au matokeo yake mabaya zaidi. Zile zilizoendelea kama desturi zilipata asilimia 4.3. Hapakuwa na mashine mpya wala jengo jipya lililozinduliwa kwa kukatwa utepe. Palikuwa na mfuko wa plastiki, dawa zinazojulikana, na watu waliofundishwa kutosubiri.

Nami naona hapo ndipo penye kiini cha mambo. Tangu mwaka 2013 huduma za afya zimekuwa mikononi mwa serikali za kaunti. Tumeona majengo mengi yakizinduliwa kwa ngoma na vigelegele, na hayo si mabaya. Lakini jengo huonekana na mpiga kura, ilhali kichupa kilichomo kabatini hakionekani na mtu yeyote isipokuwa siku kinapokosekana. Ndiyo maana mwanasiasa huahidi jengo. Mwananchi asipojua jina la kile kichupa, hataweza kukidai, na kisichodaiwa hakiagizwi.

Nina mapendekezo machache, wala hakuna hata moja linalohitaji mkopo kutoka nje. La kwanza, kila wawakilishi wa wadi wanapojadili makadirio ya fedha za afya katika bunge la kaunti, waulize swali moja: ni vituo vingapi vya kaunti hii vyenye traneksamiki leo, na ni wahudumu wangapi wa zamu ya usiku wanaojua kuitumia? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Mama anayevuja damu yumo katika dharura ambayo haina mjadala.

La pili, tuanze kuilinda damu kabla ya kisu. Mgonjwa anayengojea upasuaji usio wa haraka apimwe damu wiki kadhaa mapema, na akipatikana na upungufu atibiwe kwanza kwa vidonge vya madini ya chuma au kwa tiba nyingine inayomfaa. Mama mjamzito naye asivitupe vidonge vyake kwa sababu vinamchafua tumbo, bali amweleze muuguzi ili ashauriwe. Na kila anayekwenda kupasuliwa aseme ukweli kuhusu dawa anazotumia, zikiwamo aspirini na za miti shamba, kwani baadhi yake huifanya damu kuwa nyepesi.

La tatu, tusiache kuchanga damu. Hakuna dawa itakayorudisha painti tatu zilizokwisha kumwagika sakafuni, na hakuna sindano itakayoshona mshipa uliokatika. Traneksamiki hupunguza mahitaji ya damu, haiyaondoi. Sisi watu wazima tuwapunguzie wanafunzi mzigo huo. Mimi mwenyewe sasa najua kundi langu, na siku hizi hurudi kuchanga bila kungoja kuamshwa usiku.

Huenda kuna daktari atakayesoma haya na kuuliza mwandishi wa magazeti anatafuta nini katika kabati la dawa. Namwomba radhi, na namhakikishia kwamba uamuzi wa nani adungwe na nani asidungwe ni wake, wala si wangu wala wa jamaa ya mgonjwa. Tena najua kwamba wauguzi na madaktari wetu wengi wanaifahamu dawa hii kunishinda, na wameumia kuliko sisi kwa kuinyosha mikono kabatini na kutoikuta. Makala haya ni kwa ajili yao vilevile. Lakini uamuzi wa dawa gani inunuliwe kwa kodi zetu, na ifike wapi, si siri ya kitabibu. Huo ni uamuzi wa umma, na umma una haki ya kuuliza.

Mtoto aliyezaliwa usiku ule sasa anakwenda shule, na mamake ndiye anayempeleka kila asubuhi hadi kwenye kituo cha basi. Kila niwaonapo wakiwa wameshikana mikono, hukumbuka jinsi tulivyokaribia kuwa na mmoja tu. Tuliokolewa na watu wawili waliokubali kuamka usingizini. Nawashukuru hadi leo. Lakini bahati si mpango wa afya. Watu wetu husema kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na ikiwa hivyo ndivyo yalivyo maji, sembuse damu. Basi tuizuie kabla haijamwagika, maadamu tunajua namna, na maadamu kichupa chenyewe hakitushindi bei.